Siku Isiyopimwa Nayo Ihesabiwe

MGONJWA amelazwa hospitalini. Katika siku mbili zilizofuatana damu yake imepimwa na kuonekana ina sukari nyingi kupita kiasi. Siku ya tatu inapita tangu asubuhi hadi asubuhi bila mtu yeyote kumpima. Je, siku hiyo ya tatu iandikwe vipi katika hesabu za hospitali? Iandikwe kuwa ni siku njema, kwa sababu hakuna kipimo kibaya kilichoonekana? Au iandikwe kuwa ni siku ya madhara, kwa sababu aliyepaswa kutazama hakutazama?

Wako watakaodhani kwamba hilo ni swali la makarani wa takwimu, lisilomhusu mwananchi wa kawaida. Dhana hiyo si sahihi. Hilo ni swali la uhai wa watu, na ndilo linaloamua iwapo taarifa za hospitali zitasema kweli au zitakuwa pambo la ukutani. Nchini Marekani swali hilo limekwisha kupatiwa jibu katika kanuni za serikali, na jibu lenyewe yafaa litazamwe kwa makini, kwa uzuri wake na kwa upungufu wake.

Vituo vya Huduma za Medicare na Medicaid ndiyo idara ya serikali ya Marekani inayosimamia bima ya afya ya wazee na ya watu wenye kipato kidogo, bima zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Mwaka 2021 idara hiyo ilipitisha kigezo kipya cha kupimia ubora wa hospitali, yaani madhara ya sukari iliyopanda mno kwa mgonjwa aliyelazwa. Tangu mwaka 2023 hospitali ziliruhusiwa kukichagua kigezo hicho miongoni mwa vingine. Mwaka 2024 idara ikaamua kwamba, kuanzia taarifa za mwaka 2026, kukitolea taarifa kusiwe tena jambo la hiari kwa hospitali zilizomo katika mpango wake wa taarifa za ubora.

Namna ya kuhesabu

Kigezo hicho kinawahusu wagonjwa wenye umri wa miaka 18 na zaidi ambao wanajulikana kuwa na kisukari, au walipewa insulini au dawa nyingine ya kushusha sukari wakiwa wamelazwa, au walionekana na sukari ya miligramu 200 au zaidi katika kila desilita ya damu. Hesabu ya siku haifuati kalenda. Huanza saa ile mgonjwa alipofika hospitalini, hata kama alipokelewa kwanza katika chumba cha dharura, na kila saa 24 zinakuwa siku moja.

Siku huhesabiwa kuwa ya madhara kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni pale sukari inapopimwa na kuonekana imezidi miligramu 300. Kwa kipimo cha milimoli kwa lita, ambacho ndicho kinachofahamika zaidi kwa wagonjwa wa Tanzania, hiyo ni kama 16.7. Njia ya pili ni pale siku nzima inapopita bila kipimo hata kimoja, ikiwa siku mbili zilizoitangulia kila moja ilionyesha sukari ya miligramu 200 au zaidi, yaani kama milimoli 11.1.

Sukari aliyokuja nayo mgonjwa kutoka nyumbani haitwishwi hospitali. Sukari iliyopanda katika saa 24 za kwanza haihesabiwi kuwa madhara ya hospitali, na zinazotazamwa ni siku 10 za mwanzo tu. Mwishoni siku za madhara hugawanywa kwa siku zote zinazostahili kuhesabiwa. Hebu ichukuliwe mfano wa hospitali yenye siku 1,000 za namna hiyo katika mwaka, ambamo siku 60 zilikuwa za madhara. Taarifa yake itasema kwamba katika kila siku 100 walizolala wagonjwa hao, siku sita zilikuwa za madhara. Takwimu hizo hazikusanywi na karani anayepekua majalada. Hutolewa na kompyuta kutoka katika kumbukumbu zile zile zinazoandikwa na waganga na wauguzi wakiwa kazini.

Sasa lililo kubwa katika kanuni hiyo si ile miligramu 300. Mtu yeyote angeweza kuchora mstari wa juu na kusema kwamba atakayeuvuka amedhurika. Lililo kubwa ni ile njia ya pili. Kanuni imekataa kuuchukulia ukimya kuwa ni afya. Imetamka kwamba mgonjwa aliyekwisha kutoa dalili kwa siku mbili, kisha akaachwa siku ya tatu bila kutazamwa, amedhurika, hata kama hakuna ajuaye sukari yake ilifika wapi siku hiyo.

Kwa nini sukari hupanda wodini

Wengi hufikiri kwamba mgonjwa wa kisukari akishalazwa basi sukari yake imekuwa salama, kwa kuwa yumo mikononi mwa wataalamu. Kwa kweli hospitali ni mahali ambapo sukari hupanda kwa urahisi. Mwili unaopambana na maambukizo, jeraha au upasuaji hutoa homoni zinazoamrisha ini kumwaga sukari katika damu na kuizuia insulini isifanye kazi yake sawasawa. Dawa za steroidi, ambazo hutolewa kwa pumu na maradhi mengine mengi, nazo hupandisha sukari. Mgonjwa anayelishwa kwa mpira hupokea chakula usiku na mchana. Mwingine huambiwa asile kwa sababu anasubiri upasuaji, dozi yake ya insulini ikasimamishwa, upasuaji ukaahirishwa, akaletewa chakula, na insulini ikasahauliwa.

Tena iko desturi ya siku nyingi ambayo imelaumiwa sana na wataalamu. Mganga huandika kwamba sukari ikifika kiasi fulani mgonjwa achomwe uniti kadha, na ikifika kiasi kingine aongezewe. Maana yake ni kwamba hospitali inangoja sukari ipande ndipo iifukuze. Mwaka 2011 nchini Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 211 wenye kisukari cha aina ya pili waliofanyiwa upasuaji. Kundi moja lilipewa insulini ya msingi kila siku pamoja na insulini ya wakati wa kula. Kundi jingine lilitibiwa kwa desturi ile ya kungoja. Miongoni mwa waliongojewa, asilimia 24.3 walipata matatizo kama vile vidonda kupata maambukizo, homa ya mapafu na figo kushindwa. Miongoni mwa wale wa kundi la kwanza walikuwa asilimia 8.6.

Kwa hiyo sukari ya miligramu 300 siku ya nne ya kulazwa aghalabu si ajali iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni dalili kwamba mahali fulani dozi haikutolewa, au ilitolewa kwa wakati usiofaa, au mganga hakubadili maagizo baada ya kuona kipimo cha jana. Kinga ya mwili hudhoofika, jeraha huchelewa kupona, mwili hupoteza maji, na hali ikiachwa iendelee mgonjwa huweza kupoteza fahamu na kufa. Gharama ya uzembe huo hulipwa na mgonjwa na jamaa zake kwanza, kisha hulipwa na umma uliochangia bima.

Hoja za wapinzani

Haikosi kwamba kigezo cha namna hii kina wapinzani, na hoja zao si za kupuuzwa zote.

Hoja ya kwanza husema kwamba hospitali zinazopokea maskini na wagonjwa mahututi zitaonekana mbaya kuliko zile zinazopokea watu wenye nafuu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi kuangusha kanuni. Saa 24 za kwanza zimewekwa kando kwa ajili hiyo hasa. Aidha, mgonjwa aliyefika akiwa hoi ndiye anayestahili kutazamwa zaidi. Haiwezekani udhaifu wake uwe ndiyo sababu ya kuacha kumhesabu.

Hoja ya pili husema kwamba kazi ya kuandika taarifa inawaondoa wauguzi kwa wagonjwa. Kwa vigezo vya zamani, ambavyo vilihitaji watu wa kupekua majalada, malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Kwa kigezo hiki ni dhaifu, kwa kuwa kinachotumika ni kumbukumbu ambayo muuguzi analazimika kuiandika hata kama kusingekuwa na taarifa yoyote ya kupeleka Washington.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kwamba kuifukuza sukari kwa pupa huua. Hapa historia inapaswa kukumbukwa. Mwaka 2001 madaktari wa Leuven, nchini Ubelgiji, walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,548 waliokuwa katika chumba cha uangalizi maalumu baada ya upasuaji. Waliodhibitiwa sukari kwa ukali mkubwa, kati ya miligramu 80 na 110, walikufa kwa asilimia 4.6, na waliotibiwa kwa kawaida walikufa kwa asilimia 8.0. Habari hiyo ilienea duniani, na hospitali nyingi zikaanza kushindana kushusha sukari za wagonjwa wao.

Mwaka 2009 yakaja matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, ulioitwa NICE-SUGAR, uliofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 6,000 katika nchi kadha, zikiwamo Australia, New Zealand na Kanada. Safari hii ikaonekana kinyume. Waliobanwa kati ya miligramu 81 na 108 walikufa kwa asilimia 27.5 katika siku 90, na walioachiwa hadi miligramu 180 walikufa kwa asilimia 24.9. Sukari iliyoshuka chini ya miligramu 40 ilionekana kwa asilimia 6.8 ya kundi la kwanza, na kwa asilimia 0.5 tu ya kundi la pili. Hata katika ule utafiti wa mwaka 2011 uliotajwa, kundi lililopata nafuu ndilo pia lililoshukiwa na sukari mara nyingi zaidi.

Funzo la miaka hiyo ni kwamba ubongo wa binadamu hauwezi kuishi bila sukari, na mgonjwa aliyeshushwa mno anaweza kufa haraka kuliko aliyepanda. Lakini lazima ieleweke kwamba funzo hilo halikuhalalisha miligramu 300. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya hiyo uliosema kwamba mgonjwa aachwe huko juu. Kwa wagonjwa walio wengi waliolazwa, wataalamu hulenga kati ya miligramu 140 na 180. Kati ya 180 na 300 kuna nafasi kubwa ya kufanya kazi kwa busara bila pupa. Zaidi ya hayo, idara ile ile ilipitisha kigezo cha pili cha kwenda sambamba na hiki, kinachohesabu wagonjwa ambao sukari yao ilishuka chini ya miligramu 40 baada ya hospitali kuwapa dawa ya kuishusha. Hospitali itakayokimbilia shimo moja itaonekana imeangukia jingine. Vigezo hivyo viwili visitenganishwe kamwe. Atakayesoma kimoja bila cha pili atakuwa amesoma nusu ya habari, na nusu ya habari ni hatari.

Kisa cha saa kumi na mbili asubuhi

Pamoja na hayo yote, si haki kuisifu kanuni bila kutazama ufa uliomo ndani yake. Marekani yenyewe imekwisha kupata funzo juu ya jambo hili.

Kabla ya kigezo hiki kilikuwapo kingine kilichowahusu wagonjwa waliopasuliwa moyo. Kigezo hicho kilitaka sukari ya mgonjwa isizidi miligramu 200 kwenye saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kwanza na siku ya pili baada ya upasuaji. Nia ilikuwa njema. Lakini mgonjwa haishi saa kumi na mbili asubuhi peke yake. Anaishi pia saa nane mchana baada ya kula, na saa saba usiku wakati wodi imelala. Hospitali iliyoshughulikia saa ile moja tu ingeweza kupata alama safi hali mgonjwa wake ameogelea katika sukari saa zote zilizobaki. Baadaye kigezo hicho kilirekebishwa, na hatimaye kikaondolewa.

Kanuni mpya imejitahidi kuepuka kosa hilo kwa kutazama vipimo vyote vya siku nzima. Hata hivyo mlango mdogo umebaki wazi. Siku ya ukimya huhesabiwa kuwa ya madhara iwapo hakuna kipimo hata kimoja. Kwa hiyo kipimo kimoja tu, kikichukuliwa alfajiri kabla mgonjwa hajala, wakati ambapo sukari ya wengi huwa chini kuliko baada ya chakula, kinatosha kuizima njia ile ya pili. Na kama kipimo hicho hakikuzidi 300, njia ya kwanza nayo imezimika. Mgonjwa atakuwa amepimwa mara moja katika saa 24, na katika karatasi siku yake itasomeka kuwa salama.

Si lazima hospitali iwe na nia mbaya ndipo jambo hilo litokee. Binadamu hufuata kile kinachohesabiwa. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi na mikono miwili atafanya kwanza lile ambalo mkubwa wake ataliulizia. Akiulizwa kama kipimo cha siku kimechukuliwa, atachukua kipimo kimoja. Akiulizwa kama mgonjwa amepimwa kabla ya kila mlo na wakati wa kulala, ndivyo atakavyofanya. Lawama haimwangukii yeye, bali humwangukia aliyetunga swali.

Ufa wa pili ni ule wa siku 10. Mgonjwa anayelala wiki tano kwa sababu ya kidonda cha mguu kisichopona huhesabiwa kwa siku 10 za mwanzo, kisha hutoweka katika taarifa, ingawa mwili wake bado uko kitandani. Huenda mpaka huo uliwekwa ili wachache waliolala muda mrefu wasiipindue hesabu nzima ya hospitali. Sababu hiyo inaeleweka. Lakini wagonjwa wa namna hiyo ndio wale ambao uzembe wa kila siku huwaumiza zaidi, na si sawa waachwe gizani kwa ajili ya kurahisisha hesabu.

Yanayopasa kufanywa

Hapo ndipo msimamo unapopaswa kuwa wazi. Kigezo hiki kiungwe mkono, na kisilegezwe. Hasa ile njia ya pili, inayohesabu siku isiyopimwa, isiguswe kamwe, hata kama baadhi ya wakubwa wa hospitali watalalamika kwamba wanahukumiwa kwa jambo lisilothibitishwa. Malalamiko hayo hayana msingi. Aliyekabidhiwa mgonjwa hawezi kujitetea kwa kusema kwamba hakujua, ikiwa kutojua huko ndiko kosa lenyewe.

Lakini kiongezewe nguvu kwa mambo mawili. La kwanza, kila taarifa itakayotangazwa ionyeshe pia wagonjwa hao walipimwa mara ngapi kwa siku kwa wastani. Hospitali yenye siku chache za madhara na vipimo vingi itastahili pongezi. Hospitali yenye siku chache za madhara na kipimo kimoja kwa siku itastahili kuulizwa maswali. Tarakimu hizo zimo tayari katika kompyuta zile zile, na kuzitoa hakuhitaji kumwongezea muuguzi kazi hata ya dakika moja. La pili, wale waliopita siku 10 wahesabiwe katika safu yao wenyewe, wasichanganywe na wengine, lakini wasifutwe.

Yafaa pia umma uelezwe kwamba mpango huu wa taarifa haumnyang'anyi mtu fedha kwa sababu ya matokeo mabaya. Hospitali inayokataa kutoa taarifa ndiyo hupunguziwa robo ya nyongeza ya malipo yake ya mwaka. Inayotoa taarifa, hata ikiwa ya aibu, hailipishwi faini kwa aibu hiyo katika mpango huo. Utaratibu huo una hekima. Atakayeadhibiwa kila anaposema kweli atajifunza kunyamaza upesi sana.

Marekani haikulijua jambo hilo leo. Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuwapo Boston daktari wa upasuaji aliyeitwa Ernest Codman. Alishikilia kwamba kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa muda wa kutosha ili kujua kama matibabu yalimsaidia, na kama hayakumsaidia, kwa sababu gani. Wenzake hawakupendezwa. Codman akajitenga, akaendesha hospitali yake ndogo, na akachapisha habari za wagonjwa wake 337 wa kati ya mwaka 1911 na 1916, akiorodhesha makosa 123 kwa mkono wake mwenyewe. Alionekana mtu wa ajabu, na riziki yake iliathirika. Leo anatajwa kwa heshima miongoni mwa waasisi wa kazi nzima ya kupima ubora wa hospitali. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na usemi huo unazifaa hospitali kama unavyomfaa mgonjwa.

Kwa msomaji wa Tanzania

Msomaji wa Tanzania anaweza kuuliza habari hizi za ng'ambo zinamhusu nini. Zinamhusu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wazima 9 katika kila 100 nchini walikuwa na kisukari, na watu hao hulazwa kwa malaria, kwa ajali na kwa uzazi kama watu wengine. Sukari yao hupanda wodini kwa sababu zile zile zilizoelezwa hapo juu.

Hata hivyo kanuni ya Marekani isinakiliwe jinsi ilivyo. Imetungwa kwa hospitali ambazo mashine ya kupimia sukari iko katika kila wodi, vitepe vyake haviishi, na kila kipimo huingia katika kompyuta. Mahali ambapo vitepe vimekwisha tangu Jumatatu, siku isiyopimwa si kosa la muuguzi, na kumhesabia yeye madhara hayo itakuwa dhuluma. Lakini siku hiyo bado ni ya madhara, na bado inapaswa kuandikwa. Tofauti ni kwamba anayepaswa kuulizwa ni yule aliyekuwa na wajibu wa kuvileta vitepe. Siku tupu katika jalada la mgonjwa ikiandikwa wazi pamoja na sababu yake, inakuwa barua ya madai kwa bohari na kwa wakubwa wenye dhamana. Isipoandikwa, mwaka utakwisha na taarifa itasema kwamba hakuna mgonjwa aliyeonekana na sukari ya kutisha, na bajeti ya mwaka unaofuata itapangwa kwa kuutegemea uongo huo.

Hilo ndilo jambo ambalo kigezo hiki kimeliona sawasawa, na ndilo linalostahili kushikwa popote penye kitanda cha mgonjwa. Mgonjwa hawezi kujipima mwenyewe, wala hawezi kujua nini kimeandikwa katika jalada lake. Amewaamini wengine wamtazame. Siku watakaposhindwa kumtazama, iwe kwa uzembe au kwa ukosefu wa vifaa, heshima ndogo kabisa anayostahili ni siku hiyo kuhesabiwa.